Jeshi la wafu: kitabuni au kwenye filamu?
Katika The Return of the King ya Tolkien (1955), wafu waliovunja kiapo wanamfuata Aragorn, mrithi wa kiti cha ufalme, hadi bandari ya Pelargir tu. Silaha yao ni hofu: maadui wanajitosa majini, merikebu zinatekwa, kisha wafu wanaachiliwa. Wanaopanda merikebu hizo kwenda kuiokoa Minas Tirith, mji uliozingirwa na adui, ni watu walio hai, wenye roho ya kupoteza.

Filamu ya Peter Jackson (2003) inawafikisha wafu vitani kwenyewe, nao wanafagia kila kitu, hata tembo wale wakubwa. Macho yanafurahi, sikatai. Lakini basi wapanda farasi wa Rohan, washirika waliokuja kuutetea mji huo, walifia nini, ikiwa jeshi lisiloweza kuuawa lilikuwa njiani? Hata Gimli, mbilikimo mwenzake Aragorn, anashauri wasiachiliwe, na kivita yuko sahihi kabisa.