TAHADHARI: Tapeli wa kadi za treni Gare du Nord, Paris

Jamani mnaokwenda Paris, yuko mtu kituo cha Gare du Nord, kule chini kwenye mashine za tiketi. Koti la bluu, kitambulisho kinaning'inia shingoni. Ametuibia mimi na mama mchana kweupe huku anatabasamu.

 Tumeshuka treni ya RER B kutoka uwanja wa ndege, miguu ya mama imevimba, mabegi yote nimebeba mimi. Nafika kwenye mashine, natafuta pa kuingizia noti, hakuna. Nyingi pale zinataka sarafu au kadi ya benki. Kadi yangu ikakataliwa. Nyuma watu wanaguna. Ndipo akaja, Kiingereza safi kabisa, akampokea mama begi, akamtafutia pa kukaa kabla hata hajaniuliza nina shida gani. Nani angemshuku mtu wa namna hiyo?

Akaweka kadi ya Navigo, ile kadi ya usafiri ya Paris, juu ya mashine, akanionyesha kwa kidole: pasi ya wiki, euro 31.60, bei ya mwaka 2025. Bei niliiona kwenye skrini kwa macho yangu! Hakuongeza hata senti. Akachomeka kadi yake ya benki, vidole mbio mbio, huku ananiuliza mama ana umri gani, tumekula, tutalala wapi. Akanikabidhi kadi mbili, nikamhesabia noti, akanirudishia chenji. Tapeli anarudisha chenji? Akatusindikiza hadi getini, tukagusa kadi, geti likafunguka, akatupungia mkono.

Kumbe kila kadi ameiwekea tiketi moja tu ya safari moja, ya euro 2.50 wakati huo. Kesho yake tukapanda tramu, ambayo haina geti. Tumegusa kadi kama abiria wengine, mashine ikalia, na mgeni atajuaje ipi sauti ya kukubaliwa na ipi ya kukataliwa kwenye msongamano ule? Wakaguzi wakaingia. Kadi hazina kitu. Nimeeleza mpaka sauti ikakauka. Faini, kila mmoja yake, palepale, behewa zima linatutazama. Mama, ambaye mnajua alivyo na hofu ya deni hata la mia, ameangaliwa kama mwizi. Alilia. Hilo simsamehe.

Huyu afungwe. Asipigwe faini akaachiwa, maana keshokutwa atakuwa palepale anamwinda mzee mwingine aliyechoka. Picha yake ibandikwe kwenye kila mashine ya kituo kile, na kila senti aliyochukua airudishe mbele ya watu.

Halafu jueni hili: kadi alizotupa ni Navigo Easy, na pasi ya wiki haiingii humo kabisa. Inakaa kwenye kadi yenye jina na picha yako; mgeni anachukua Navigo Découverte, euro 5, na picha ndogo unakwenda nayo. Alituambia pia "siku saba kuanzia leo". Uongo! Pasi ile ni Jumatatu hadi Jumapili, hata ukiinunua Alhamisi. Ukishapewa kadi irudishe juu ya mashine, itakuonyesha ina nini ndani. Noti msimpe mtu mkononi, nendeni dirishani.

Aliyelizwa na huyu wa koti la bluu aniandikie siku na saa. Nakusanya yote niyapeleke polisi.