Tumemaliza Portal 2 wawili: msilainishe mafumbo

Jumapili usiku mimi na mdogo wangu tulimaliza sehemu ya wachezaji wawili ya Portal 2. Gemu hii kampuni ya Valve waliitoa mwaka 2011, kwa hiyo sikuja kutangaza kitu kipya. Nimekuja kwa sababu ya ubishi uliotufuata mwanzo hadi mwisho: fumbo likiwashinda watu, mwenye ramani, yaani aliyetengeneza chumba chenye fumbo hilo, alirahisishe au aliache?

Kwa ambaye hajaicheza: mnakuwa roboti wawili, Atlas na P-body. Kila mmoja ana bunduki inayofungua milango miwili ukutani; ukiingia huu unatokea ule, hata kama uko ng'ambo ya shimo. Jumla milango minne, na hapo ndipo kichwa kinapopata moto. Ukianguka kutoka juu ukaingia mlango wa sakafuni, kasi yako haipotei, inakurusha kwenye mlango wa pili kama jiwe la manati. Halafu kuna madaraja ya mwanga, miali ya leza, rangi ya bluu inayokudundisha ukiikanyaga na ya machungwa inayokukimbiza.

Kuna mahali mmoja anarushwa hewani, mwenzake anasimamisha daraja la mwanga kama ukuta ili amgonge na kumwangusha panapotakiwa. Tulishindwa hapo karibu saa nzima. Mdogo wangu alisema wangeweka kitufe tu, kibonyezwe, daraja lijitokeze lenyewe. Nilikataa. Siku tuliyoweza aliruka kutoka kwenye kochi akanikumbatia. Kitufe kisingetupa hilo.

Nilichokuja kukiona ni kwamba ugumu wa chumba kile haukuwa kuelewa kinachotakiwa. Hilo lilikuwa wazi. Ugumu ulikuwa kukifanya kwa pamoja, na waliotengeneza wamerahisisha kila kitu kinachozunguka jambo hilo. Unaweza kumwonyeshea mwenzako mahali kwa alama anayoiona kwenye skrini yake, na kuanzisha hesabu ya 3, 2, 1 ili mfanye kwa pamoja. Hata kama maiki imekufa mnaelewana. Ukifa unaundwa upya papo hapo, hakuna adhabu. Na kozi zake tano za mwanzo, yaani mafungu ya vyumba, kila moja imeshika jambo lake: ya tatu madaraja ya mwanga, ya tano rangi. Hulishwi vitu vinne kwa siku moja.

Wala wao si kwamba hawakukata kitu. Walijaribu rangi ya kukuwezesha kutembea ukutani na darini, wakaiondoa kwa sababu watu waliojaribu walipata kizunguzungu. Hapo nawaunga mkono kabisa. Kinachomuumiza mchezaji kitolewe, ila kinachomfikirisha kibaki.

Tofauti niliiona tulipohamia ramani za wachezaji wenyewe, ambazo zimekuwa nyingi tangu kilipotolewa chombo cha kuzitengeneza mwaka 2012. Moja, sitaitaja, ilikuwa na mtambo wa ajabu: kiboksi kinazungushwa na wote wawili kupitia milango yote minne kabla ya kufika kwenye swichi. Tatizo, swichi yenyewe ilikuwa nyuma ya nguzo, gizani. Tulizunguka hadi tukachoka. Nadhani watu walilalamika, kwa sababu tuliporudi wiki chache baadaye mtambo wote ulikuwa umeondolewa. Kiboksi kinadondoka karibu na swichi, unakiweka, mlango wa kutokea unafunguka. Mmoja wetu alikuwa amesimama tu, hana kazi. Iliniuma sana, kwa sababu taa moja juu ya ile swichi ingetosha.

Kwa hiyo kama una mtu wa kucheza naye, ichukueni. Inachezwa mtandaoni au kwa skrini moja iliyogawanywa. Sisi tulikaa kochi moja na ninaona ndiyo njia nzuri zaidi. Msitazame majibu YouTube kabla hamjajipa angalau siku mbili kwa chumba kinachowagomea. Na muwe watu mnaovumiliana, maana mtauana kwa bahati mbaya mara nyingi.

Sasa tunajenga ramani yetu. Ina leza inayopitishwa kwenye milango yetu, na rafiki zetu wawili walioijaribu walikwama dakika 40. Mdogo wangu, yule yule wa kitufe, amekataa kuigusa leza. Ameongeza dirisha ili kila mmoja amwone mwenzake anafanya nini.