Spitfire ya Johnnie Johnson ya kuunganisha: stika za 1943, mistari ya 1944

Kwa vipimo, modeli hii ya Spitfire, ndege ya kivita ya Uingereza aliyoirusha rubani Mwingereza Johnnie Johnson katika Vita vya Pili vya Dunia, haina ubishi. Kwa uwiano wa 1:48 mabawa yanatakiwa yafike sentimita 23.4 ncha hadi ncha, na yanafika. Rediata mbili za chini zinalingana, propela ina mapanga 4. Hiyo ni Mk IX (toleo la tisa la Spitfire) kweli, si Mk V (la tano) iliyobandikwa jina.

Kilichoharibika ni historia. Stika ni za ndege yenye namba EN398, aliyoichukua Johnson pale Kenley, kituo cha ndege za kivita karibu na London, Machi 1943 alipopewa kuongoza vikosi vya Wakanada, akaangusha nayo ndege 12 kabla ya kupumzishwa Septemba. JE-J, zilizoandikwa ubavuni mwa ndege, ni herufi za majina yake, James Edgar Johnson. Kamanda wa ngazi ile aliruhusiwa kuandika zake badala ya herufi za kikosi. Mpaka hapo sawa. Halafu karatasi ya maelekezo inakuambia upake mistari mieupe na myeusi ya uvamizi wa Normandy, Ufaransa, ambayo ni ya Juni 1944, wakati Johnson akirusha MK392! Iache. Hata bomba la kuvuta hewa chini ya pua ni lile refu la baadaye: likate mbele, uliviringe kwa msasa namba 400.

Boksi linamwita pia shujaa wa mapigano ya anga ya 1940. Mtulinga aliouvunja kwenye raga ulikuwa umeunga vibaya, ikabidi apasuliwe, na sehemu kubwa ya mapigano hayo ikampita. Nishani za kijeshi za Uingereza, DSO 3 na DFC 2, alizipata baadaye, pamoja na hesabu yake ya ndege 34 alizoangusha.

Kwenye kuunganisha, usigundishe bawa la juu na la chini kwanza; ukifanya hivyo utabaki na ufa pale bawa linapokutana na bodi, na kuuziba kwa puti kunafuta mistari ya mabati. Gundisha vipande vya juu kwenye bodi, acha vikauke usiku mzima, ndipo ulete cha chini.

Stika ni nyembamba mno. Ukizibandika juu ya rangi isiyong'aa, hewa inanaswa kwenye vinyweleo vya rangi na pembeni panaonekana weupe kama magamba. Pitisha vanishi ya kung'aa kwanza, loweka stika sekunde 20 kwenye maji ya uvuguvugu, iteleze mahali pake kwa brashi iliyolowa. J ya mwisho ina mkia unaojikunja: usiishike kwa kibanio.