Pikapu za kale za Kimarekani: usiende kuangalia bila sumaku

Pikapu ya kwanza niliyonunua hapa Ohio iling'aa kuliko magari yote mtaani. Miezi minne baadaye fundi bodi aligusa kona ya kabini, nyuma ya mlango, kwa bisibisi, ikazama hadi mpini. Bati halikuwepo. Ilikuwa puti tupu (ile lipu ya kuzibia mashimo ya bodi), nene kama kidole, ikapakwa rangi nyekundu juu yake.

Kwa hiyo injini nitaiacha. Inatengenezeka, na vipuri vipo tele. Kinachomaliza pesa ni kutu, maana chumvi inayomwagwa barabarani wakati wa theluji imekula bati hizi kwa zaidi ya miaka hamsini.

Funga sumaku ndogo kwa kitambaa laini, uipitishe taratibu kwenye kona za kabini na bati la chini ya milango. Pale inapoacha kunasa, kuna puti. Kisha inua zulia. Kwenye Chevrolet za 1967 hadi 1972, maji ya mvua huingia kwenye matundu ya hewa chini ya kioo cha mbele. Majani makavu yakiziba njia ya kutokea, maji hutuama pembeni mwa miguu na kula bati kutoka ndani. Kwa nje huoni kitu.

Namba moja kwangu ni Chevrolet C10 ya 1971 au 1972. Mimi ni mtu wa Chevrolet na sifichi. Majina ya C na K yalianza na modeli za 1960, K ikiwa ya kuvuta magurudumu yote manne. C10 hii ina springi za koili hata nyuma, ndiyo maana haikurushi barabarani, na kuanzia 1971 breki za diski za mbele zikawa za kawaida. Tangi la mafuta limekaa ndani ya kabini, nyuma ya kiti: laza kiti mbele, unuse. Kiwanda kililitoa nje kwenye modeli za 1973.

Ya pili ni Ford F-100 ya 1967 hadi 1972, ya ukoo ulioanza na F-1 ya 1948. Ni ngumu kweli, ila angalia kama tairi za mbele zimelika upande mmoja. Ya tatu, Chevrolet za 1947 hadi 1953, nzuri kuliko zote kwa sura, lakini umeme wake ni volti 6 na haziwezi mwendo wa barabara kuu.

Dodge D100 mara nyingi ni nafuu. Mabati yake kuyapata ni kazi.

Wauzaji ndio wanaoniudhi. Rangi mpya inapandisha bei maradufu, na tangazo linasema "haina kutu" huku picha zote zimepigwa kwa mbali. Wiki iliyopita nilimwomba mmoja picha ya sakafu, zulia likiwa limeinuliwa. Akanitumia picha ya usukani, kisha akanyamaza.