Usyk na Fury, Desemba 21: Utabiri Wangu, na Kama Pambano Linastahili Kiingilio

Ndugu watazamaji wa Mtwara, na ninyi mnaotufuatilia kutoka Lindi, Masasi na Newala, karibuni. Leo ninachambua pambano la marudiano la uzito wa juu kati ya Oleksandr Usyk wa Ukraine na Tyson Fury wa Uingereza, litakalopigwa Jumamosi, Desemba 21, 2024, mjini Riyadh. Nitasema nani atashinda, na nitasema pia kama linastahili kiingilio cha kibanda umiza na usingizi wa usiku mzima, maana saa za Riyadh ni sawa na zetu na wawili hawa hupanda ulingoni usiku wa manane.

Tuanze na pambano la Mei 18, kwa sababu wengi wanakumbuka matokeo bila kukumbuka yalivyopatikana. Usyk alishinda kwa majaji kugawanyika: mmoja alimpa 115 kwa 112, wa pili 114 kwa 113, na wa tatu akampa Fury 114 kwa 113. Sasa itazameni upya raundi ya tisa. Ngumi ya kushoto ya Usyk inampata Fury usoni, miguu inalegea, anayumba huku na huku akifuatwa na makonde mfululizo, mpaka kamba zinamzuia asianguke na mwamuzi anaingia kati kumhesabia. Kuhesabiwa huko kulimgharimu Fury pointi moja ya ziada kwa kila jaji. Mrudishieni pointi hiyo, kadi ya alama ya 114 kwa 113 ya Usyk itakuwa 114 kwa 114, yaani jaji mmoja kwa Usyk, mmoja kwa Fury na mmoja sare, na pambano zima litakuwa sare. Kwa hiyo anayewaambia kwamba Fury alizidiwa kwa mbali hakuziangalia kadi, wala hakuiangalia raundi ya sita, ambapo ngumi za Fury za kutoka chini zilimtikisa Usyk waziwazi.

Pamoja na hayo, namchagua Usyk, na sababu kubwa ni miguu yake. Usyk ni bondia wa mkono wa kushoto, na kila anapoukanyagisha mguu wake wa kulia nje ya mguu wa kushoto wa Fury, ngumi yake ya kushoto inapata njia iliyonyooka, huku mkono wa kulia wa Fury ukilazimika kuzunguka. Kazi hiyo anaifanya tangu kengele ya kwanza hadi ya mwisho bila kupunguza kasi, nayo ndiyo iliyomshinda Mwingereza Anthony Joshua mara mbili, London mwaka 2021 na Jeddah mwaka 2022. Kule Jeddah, Joshua alimbana vikali katika raundi ya tisa; raundi ya kumi Usyk akarudi akiwa mkali kuliko alivyoanza.

Fury ana sentimita 206 dhidi ya 191 za Usyk, na Mei alimzidi kwa zaidi ya kilo 15. Katika marudiano na Mmarekani Deontay Wilder mwaka 2020 aliacha kucheza kwa mbali, akamwendea mwenzake kifua kwa kifua, na kummaliza katika raundi ya saba. Nina hakika hiyo ndiyo njia yake pekee safari hii: amshike Usyk, amlalie, amchoshe mapema. Shaka yangu ni mwili wenyewe, ambao Wilder aliuangusha mara nne katika mapambano yao matatu, na Francis Ngannou, mpiganaji aliyetoka kwenye mapigano mchanganyiko (MMA), mara moja mwaka 2023.

Utabiri wangu ni Usyk kwa pointi, na safari hii majaji hawatagawanyika. Huu ni msimu wa korosho, fedha za minada zinaingia, na najua mikeka itawekwa. Tafadhali msiweke fedha ya ada za watoto, na msitegemee Usyk amalize kabla ya raundi ya 12, ambayo ndiyo ya mwisho, kwa kuwa kati ya mapambano yake sita ya uzito wa juu kabla ya hili, manne yaliamuliwa na majaji.

Kiingilio lipeni, ila chagueni kibanda chenye picha safi na mkae mbele, muweze kuiona miguu. Ikifika raundi ya nne Fury bado amesimama katikati ya ulingo na Usyk anarudi nyuma kwa mstari ulionyooka, utabiri wangu utakuwa mashakani. Usyk akiwa anazunguka na mguu wake uko nje, Fury atahitaji kumwangusha.