Kiboksi cha dawa cha siku saba: uzoefu wangu tangu mama atoke hospitali

Mama aliporuhusiwa tulikabidhiwa bahasha nne za dawa, kila moja imeandikwa kwa kalamu, 1x1, 1x2. Nyumbani kulikuwa na nyingine alizokuwa akitumia kabla ya kulazwa, kwenye kopo la biskuti juu ya kabati. Hakuna aliyetuambia zipi ziendelee na zipi ziachwe. Na mimi, kwa furaha ya kumrudisha mama, sikuuliza.

Siku ya tatu aliinuka kwenda chooni akayumba, akashika ukuta. Mdomo mkavu, haja ndogo kila saa. Nikatia kopo na bahasha zote kwenye mfuko mmoja, tukaenda famasia ya mtaani. Dada mfamasia alizimwaga kaunta, akatenga mbili.

"Mama, hii furosemide ya kwenye bahasha na hii Lasix ya kwenye boksi ni dawa ileile."

"Mwanangu, mbona majina tofauti?"

Miligramu 40 za asubuhi zilikuwa zimegeuka 80, na dawa hiyo hutoa maji mwilini, hutoa na potasiamu. Alimpima presha, akaikuta iko chini, akatuambia turudi hospitali saa ileile.

Mama alipotengemaa ndipo nikanunua kiboksi, shilingi 8,000. Kina vyumba 21: asubuhi, mchana na usiku kwa siku saba. Kabla sijakijaza, yule mfamasia alituandikia orodha moja: jina la dawa, jina lake la dukani, inatibu nini, inamezwa saa ngapi. Orodha hiyo nimeibandika chini ya kiboksi. Bila hiyo ningepanga makosa yaleyale kwa unadhifu zaidi.

Nimekitumia miezi minne sasa, nakijaza kila Jumapili jioni. Mama akiuliza, "Hivi nimeshameza za asubuhi?" hatubishani tena, tunafungua kifuniko tunaangalia. Hilo peke yake limetupa amani kubwa.

Kasoro zipo. Siku zimeandikwa kwa herufi za Kiingereza, T mbili na S mbili, mama hawezi kuzitofautisha. Nilibandika plasta juu yake nikaandika Jumatatu, Jumanne, hadi mwisho. Vifuniko ni vigumu kwa vidole vyenye baridi yabisi, lakini mjukuu wa miaka mitatu alikifungua mara moja, kwa hiyo kinakaa juu, mbali naye. Tena si kila dawa inafaa kutolewa kwenye pakiti yake, nyingine huharibika zikipata unyevu. Muulize mfamasia kwanza. Ninakipa nyota nne kati ya tano.

Shirika la Afya Duniani lilipoanzisha kampeni yake ya dawa bila madhara mwaka 2017, lilitaja kipindi cha mgonjwa kuhama kutoka huduma moja kwenda nyingine kuwa miongoni mwa maeneo matatu ya kushughulikiwa kwanza. Nilisoma hilo nikiwa nimeshaona mama akishika ukuta.

Wiki iliyopita kliniki walimwongezea dawa moja na kumwachisha nyingine. Kabla hatujatoka mlangoni nilitoa orodha, nikamwomba daktari aikate ile ya zamani kwa kalamu yake mwenyewe. Usiku nikamwaga vyumba vyote, nikapanga upya, mama pembeni yangu akinisomea majina.