July, July ya Tim O'Brien: Ukumbini inachosha, kwingine inachoma

Katika riwaya hii, waliohitimu mwaka 1969 katika chuo cha Darton Hall, Minnesota, wanakutana kusherehekea miaka 30. Ila sherehe inafanyika Julai 2000, imechelewa mwaka mzima kwa uzembe wa waandaaji. Hapo tu nilicheka. Nikaona mwandishi anatujua sisi wa rika hili. Vitambi vimetangulia, glasi hazikauki, na kila mtu ana mtu wake anayemwangalia kwa jicho la pembeni.

Kero yangu ni huo ukumbi wenyewe. Wahusika wanakumwagikia kwa mkupuo, hujui nani aliachana na nani, na kila tukirudi pale ni dansi, ulevi na utani uleule wa mambo ya kitandani. Amy na Jan, wawili kati ya wahitimu hao, walinichosha mapema.

Lakini sura zinazorudi nyuma, mama yangu! David Todd amelala kando ya mto Vietnam, Julai 1969, amepigwa risasi za miguu, wenzake wameuawa. Ana redio ndogo. Binadamu wanatua mwezini, na mtangazaji anaanza kuzungumza na David mwenyewe, kwa maneno ya mzaha kabisa, akimweleza maisha yanayomngoja: mguu utakatwa, mpenzi wake Marla ataolewa naye, na ndoa haitadumu. Je, bado anataka kuokolewa? O'Brien alipigana vita hivyo, na sura hii huwezi kuiandika kwa kusimuliwa.

Marv naye, mwenye kiwanda cha mafagio, anapungua unene, kichwa kinavimba, anamdanganya sekretari wake kwamba yeye ndiye mwandishi fulani maarufu anayejificha asionekane na watu. Uongo unadai uongo mwingine, mpaka ndoa. Nilicheka huku namwonea huruma.

Halafu Billy. Alikimbilia Winnipeg kukwepa jeshi; mpenzi wake Dorothy aliahidi kwenda naye, hakutokea. Leo Dorothy ni mke wa mtu, ana pesa, saratani imemwondolea titi, na Billy bado anamdai maelezo. Wanapozungumza, hakuna anayesema la maana, na ndivyo inavyokuwa kweli.

Nyota tatu na nusu. Ukikipata kitabu, sura za ukumbini zipitie haraka, ila Spook, mhitimu mwenzao, usimruke: ana waume wawili, wote wanajuana, na jicho lake liko kwa wa tatu.